Jipu lisilosikia klindamaisini: kisa kimoja kutoka Kisumu

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, muuza mitumba katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaacha nje. Alikuwa akishuka kwenye bodaboda huko Kondele shavu la mguu wake wa kulia lilipogusa bomba la moshi. Lengelenge lilitoka, likapasuka, na baada ya siku chache kidonda kikaanza kutunga usaha.

Kwenye duka la dawa aliulizwa kama kuna dawa inayomdhuru. Akasema penisilini ilimtoa upele utotoni, basi akapewa erithromaisini, dawa nyingine ya bakteria, ya siku 5. Kidonda hakikutulia, na chini yake likaota jipu. Zahanati ya kibinafsi ikachukua usaha na kuupeleka maabara. Majibu yalirudi hivi: Staphylococcus aureus, sugu kwa sefoksitini (kwa hiyo hata dawa za kawaida za jamii ya penisilini zisingefaa, upele au bila upele), sugu kwa erithromaisini, anasikia klindamaisini, yaani dawa hiyo inamzuia. Duara la klindamaisini, yaani eneo ambalo bakteria hawakuota kuzunguka diski (kikaratasi chenye dawa) kwenye sahani ya maabara, lilikuwa na kipenyo cha milimita 25, na kuanzia 21 kwenda juu dawa huhesabiwa kuwa inafaa. Daktari akaiamini karatasi, kama ambavyo yeyote angeiamini, akaandika klindamaisini ya siku 7. Jipu halikupasuliwa kwa kuwa lilionekana dogo.

Siku tatu za kwanza maumivu yalipungua, mama akaweza tena kusimama kibandani. Kufikia siku ya saba mguu ulikuwa umevimba kuliko mwanzo, ngozi inang'aa, na homa ya usiku imeingia. Ndipo alipoletwa kwenye kituo ambacho nafanya kazi maabara. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba huenda mgonjwa hakumaliza dozi.

“Mama, hizi dawa ulimaliza zote?” akaulizwa.

“Nilimaliza, daktari. Hata ile ya usiku wa manane nilikuwa naamka nameza.” Akafungua mkoba, akatoa pakiti tupu.

Mstari ule wa barua ndio unaoniuma zaidi katika kisa hiki. Tumezoea, dawa ikishindwa, kumgeukia mgonjwa kwanza. Mama huyu alitimiza kila alichoambiwa, akatumia fedha za biashara kununua dawa ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Bakteria wake walikuwa na uwezo ambao sahani ya maabara ingeweza kuuonyesha tangu siku ya kwanza, lau diski mbili zingewekwa jirani.

Sahani ya pili

Usaha mpya tuliuotesha. Chini ya hadubini palikuwa na viduara vya zambarau vilivyojikusanya vichala vichala, na vipimo vya katalasi na koagulasi, ambavyo humtambulisha Staphylococcus aureus, vyote vikawa chanya. Tukakoroga bakteria kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ukalingana na kipimo cha 0.5 cha McFarland, tukapaka juu ya agari ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, kisha tukaweka diski. Diski ya erithromaisini yenye mikrogramu 15 tuliiweka milimita 20 kutoka ile ya klindamaisini yenye mikrogramu 2, tukipima ukingo kwa ukingo. Kanuni inaruhusu kuanzia milimita 15 hadi 26. Sahani ikalala kwenye nyuzi 35 kwa saa 18.

Asubuhi bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye diski ya erithromaisini yenyewe. Kuzunguka klindamaisini eneo wazi lilikuwapo, ila halikuwa duara. Upande ulioielekea erithromaisini ulikuwa umebanwa, umenyooka, na umbo zima likawa herufi D. Tena ndani ya eneo lile lile wazi mlikuwa na koloni ndogo chache, yaani vikundi vya bakteria walioota, pale ambapo hapakupaswa kuota kitu.

Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina maelezo yake. Kabla ya kuyaeleza tuliomba maabara ya kwanza itupe bakteria wa awali. Walikuwa wamewahifadhi kwenye friji, jambo ambalo maabara nyingi hazifanyi, na nawashukuru kwa dhati. Bakteria hao wa kabla ya klindamaisini walitoa D safi, bila koloni hata moja ndani yake. Kwenye sahani yao ya awali diski hizo mbili zilikuwa zimewekwa pande zinazokabiliana, kwa hiyo kila moja ikatoa jibu lake bila kujua habari za mwenzake.

Bakteria huitambuaje dawa?

Ribosomu ya bakteria, mtambo wake wa kutengeneza protini, ina vipande viwili, kikubwa cha 50S na kidogo cha 30S. Kile kikubwa ndicho kinachounganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na mnyororo wa protini unaozaliwa hutoka nje kupitia handaki jembamba. Erithromaisini hukaa karibu na mwanzo wa handaki hilo. Klindamaisini hukaa ndani zaidi, pale panapofanyika kazi ya kuunganisha. Makao yao yanapishana kwa sehemu, na zote mbili hutegemea herufi moja ya RNA ya ribosomu: adenini namba 2058 kwenye RNA ya 23S, kwa hesabu ya namba iliyoanzia kwa bakteria aitwaye E. coli. Ramani ya sehemu hizo tumeipata kutokana na picha za fuwele za ribosomu, kazi iliyowapa Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2009.

Jeni za jamii ya erm hutengeneza kimeng'enya kinachobandika vikundi viwili vya methili juu ya adenini hiyo. Vikishabandikwa, dawa haishiki tena, na hasara haiishii kwa dawa moja: erithromaisini, azithromaisini na klindamaisini zote hupoteza nafasi kwa pamoja.

Kama bakteria alikuwa na jeni hiyo tangu mwanzo, mbona klindamaisini ilimzuia kwenye sahani ya kwanza? Jeni ilikuwapo, ila protini yake ilikuwa haijatengenezwa. Katika ermC, ambayo ndiyo iliyochunguzwa kwa undani zaidi, RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni ambayo ribosomu huisoma, hubeba kwanza maelezo ya kipande kifupi mno cha asidi amino 19, halafu ndipo yafuate maelezo ya kimeng'enya. Mahali ambapo ribosomu ingetua ili ianze kutengeneza kimeng'enya pamefichwa ndani ya mkunjo wa RNA hiyo, kama pindo la leso lililokunjiwa ndani. Pasipo dawa, ribosomu husoma kile kipande kifupi, humaliza na kuondoka, na mkunjo hubaki vile vile.

Erithromaisini ikiingia, ribosomu iliyokwisha kushikwa na dawa huanza nayo kusoma kipande kifupi. Ikifika asidi amino ya tisa hukwama. Mnyororo mchanga wenye mpangilio ule maalumu unagusana na dawa pamoja na kuta za handaki, na kitovu cha kuunganisha kinashindwa kuongeza asidi amino ya kumi. Ribosomu iliyokwama hivyo inakuwa imekalia sehemu ya ile RNA. Sehemu iliyobaki hujipanga upya, mkunjo unafunguka, na mahali palipofichwa panakuwa wazi. Ribosomu nyingine isiyo na dawa hutua hapo na kuanza kutengeneza kimeng'enya cha kuwakinga wenzake.

Mimi huona hapa ndipo penye uzito wa somo lote. Bakteria huyu hana kipokezi cha pekee cha kunusa erithromaisini. Anaitambua dawa kwa kutumia kiungo kile kile ambacho dawa imekuja kukizima, na kukwama kwa ribosomu moja ndiyo habari inayomfikia.

Wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo huuliza: dawa ikizuia utengenezaji wa protini, protini ya usugu inatengenezwaje? Ni swali zuri. Dawa inapoanza kuingia bado ni kidogo, kwa hiyo ribosomu nyingine zingali huru. Zaidi ya hapo, maabara ya Alexander Mankin na Nora Vázquez-Laslop huko Chicago imeonyesha kwamba dawa za jamii ya erithromaisini hazizuii protini zote sawasawa. Baadhi ya minyororo hupenya handakini hata dawa ikiwamo. Kimeng'enya chenyewe nacho kina mpaka wake: hakiwezi kuikinga ribosomu iliyokwisha kukamilika. Hubandika methili kwenye RNA ya 23S wakati ribosomu mpya inajengwa, na kwa hiyo kinga hupatikana kadiri ribosomu mpya zinavyozaliwa. Zilizokingwa zikishakuwa nyingi, kukwama hupungua, na jeni hurudi kunyamaza.

Klindamaisini haichochei hali hii. Haikai handakini kwa namna ya kukikwamisha kile kipande kifupi pale panapotakiwa. Ikija peke yake humkuta bakteria hajajikinga, humzuia, na sahani huonyesha duara zuri. Ikija mahali ambapo erithromaisini imeshasambaa, humkuta tayari. Ule upande ulionyooka wa D ni bakteria waliopata habari mapema.

Haya si mapya. Yves Chabbert wa Paris aliona ukinzani wa aina hii kati ya erithromaisini na spiramaisini, dawa ya jamii hiyo hiyo, mwaka 1956, miaka michache tu baada ya erithromaisini kuanza kutumika hospitalini mwaka 1952. Maelezo ya mkunjo wa RNA yalichapishwa mwaka 1980, na miongoni mwa walioyatoa ni Sueharu Horinouchi na Bernard Weisblum. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba elimu haijatufikia.

Koloni zilizokuwa ndani ya D

Umbo la D peke yake halitoshi kueleza kilichompata mama huyu. Wakati anameza klindamaisini, erithromaisini alikuwa ameiacha siku kadhaa nyuma. Nani basi aliyewaamsha bakteria? Hakuna. Jibu limo kwenye zile koloni chache.

Jipu hubeba bakteria kwa mamilioni katika kila mililita ya usaha. Katika umati huo hutokea wachache ambao makosa ya kunakili jeni yameharibu ule mkunjo, mara nyingi kwa kukata kipande cha mwanzo wa ujumbe. Kwao mahali pa kutua pako wazi saa zote, na kimeng'enya hutengenezwa pasipo kuhitaji dawa yoyote ya kukichochea. Klindamaisini haiwadhuru.

Katika maisha ya kawaida wachache hao hushindwa na wenzao. Ribosomu yenye methili mahali pale haizalishi protini zote kwa kiasi chake sahihi. Kundi lile lile la Chicago lilichapisha mwaka 2013 matokeo yaliyoonyesha kwamba Staphylococcus aureus mwenye ribosomu za namna hiyo, akioteshwa pamoja na asiye nazo, huachwa nyuma. Hiyo ndiyo sababu ya bakteria kuiweka jeni hiyo kimya mpaka ihitajike: ina gharama. Klindamaisini ilipoingia mwilini mwa mama huyu hesabu hiyo iligeuka. Wale wengi wasiojikinga walizuiwa, na ndizo zile siku tatu za nafuu. Wale wachache wakabaki na jipu zima kwa ajili yao.

Tulizichota koloni zile, tukazitenga, tukazipima upya. Ziliota mpaka kwenye diski zote mbili, na hapakuwa na D tena. Majibu ya dawa nyingine zote yalilingana na ya bakteria wa awali. Kwa maabara isiyosoma mfuatano wa jeni, huo ni ushahidi wa kutosha kumwambia daktari kwamba klindamaisini iachwe leo hii.

Erithromaisini ya mwanzo nayo haikupita bure. Iliwaondoa bakteria wasio na jeni ya erm kidondani na kuwaachia nafasi wenye nayo. Dawa ya kwanza iliandaa njia kwa kushindwa kwa ya pili.

Katikati ya jipu

Lipo jambo jingine ambalo hakuna diski inayolionyesha. Ndani ya jipu chakula ni haba na oksijeni ni kidogo. Bakteria akikosa asidi amino, ribosomu hupokea tRNA (mchukuzi wa asidi amino) isiyobeba kitu, na kimeng'enya kiitwacho Rel hutengeneza molekuli ndogo ya hadhari, ppGpp. Michael Cashel na Jonathan Gallant waliigundua kwa E. coli mwaka 1969. Kwa molekuli hiyo bakteria hupunguza ujenzi wa ribosomu mpya na ukuaji hudorora. Katika Staphylococcus aureus, protini iitwayo HPF huziunganisha ribosomu zisizo na kazi mbili mbili, zikawa 100S, zikapumzika hivyo mpaka hali irudi kuwa njema.

Dawa inayofanya kazi kwa kusimamisha ribosomu haina la kufanya kwa ribosomu iliyokwisha kusimama. Bakteria aliyelala hivyo si sugu. Ukimtoa ukampa chakula, akaanza kukua, ataisikia dawa kama wenzake. Joseph Bigger aliwaeleza bakteria wanaosalimika hivyo mwaka 1944, alipoona penisilini inawaacha hai stafilokoki wachache ambao watoto wao walikuwa wanaisikia tena.

Kwa hiyo nitasema wazi, ingawa mimi ni mtu wa maabara na si wa kisu: jipu lile lilipaswa kupasuliwa siku ya kwanza. Kutoa usaha kunapunguza idadi ya bakteria, na idadi ikipungua nafasi ya kuwamo mmoja mwenye mkunjo ulioharibika nayo inapungua. Kunawatoa pia wale waliolala, ambao hakuna kidonge kingewafikia vizuri.

Tiba

Jipu lilipasuliwa kwa ganzi ya mahali, usaha ukatoka mwingi, kidonda kikaachwa wazi na kusafishwa kila siku. Dawa iliyochaguliwa ni doksisaiklini, baada ya sahani kuonyesha kwamba bakteria wote wawili, wa awali na wa baadaye, wanaisikia, na baada ya kuhakikisha kwamba mama hana mimba. Nayo huzuia ribosomu, ila hukaa kwenye kile kipande kidogo cha 30S, mbali na adenini 2058, kwa hiyo methili za erm hazina habari nayo.

Alielezwa asiimeze na chai ya maziwa wala na dawa za kiungulia, kwa sababu madini yaliyomo hushikamana na dawa na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kisumu chai ni ya maziwa isipokuwa mtu aseme “ya rangi”, kwa hiyo kumwambia mgonjwa “usitumie na maziwa” tu hakutoshi. Chai itajwe kwa jina. Aliambiwa pia aimeze kwa maji mengi akiwa ameketi, asilale papo hapo, maana inaweza kuchoma umio.

Homa ilikata ndani ya siku mbili. Wiki ya pili kidonda kilikuwa na nyama changa nyekundu na kingo zake zinasogeleana. Daktari wetu aliiandikia zahanati barua, akaambatisha picha ya sahani, akaomba ule mstari wa kutomaliza dozi uondolewe kwenye faili. Uliondolewa.

Majibu yaandikwe vipi

Staphylococcus aureus akiwa sugu kwa erithromaisini na akaonekana kusikia klindamaisini, jibu la klindamaisini lisitoke maabara kabla ya kipimo cha D, yaani kuweka diski hizo mbili jirani na kuangalia kama umbo la D litatokea. Gharama yake ni ndogo mno kwa sababu diski zote mbili zimo kwenye sahani tayari; kinachobadilika ni mahali zinapokaa. Wanaotumia koleo waziweke jirani na wapime kwa rula. Wanaotumia kifaa cha kudondosha diski wapange mirija ya dawa hizo mbili ifuatane, kisha wahakikishe umbali hauzidi milimita 26.

Wapo wanaosema njia rahisi ni kuikataa klindamaisini kila erithromaisini inaposhindwa. Sikubaliani nao. Stafilokoki wengine hawana erm. Wana jeni ya msrA inayowasaidia kuiepuka erithromaisini na kuiacha klindamaisini ifanye kazi yake kikamilifu. Sahani yao haitoi D. Kwa mgonjwa anayedhurika na penisilini, klindamaisini ni dawa ya maana, na kumnyima kwa uvivu wa kupima ni kumwonea.

D ikitokea, mwongozo wa CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, ambao maabara nyingi za hapa nchini hufuata, unasema bakteria aandikwe sugu kwa klindamaisini, na matoleo yake ya nyuma yaliruhusu kuongeza maelezo kwamba dawa inaweza bado kumsaidia mgonjwa fulani. Maelezo hayo ningeyatumia tu kwa maambukizi madogo ya ngozi ambayo hayana usaha uliofungiwa. Kwenye jipu, kwenye mfupa au kwenye damu, hapana. Fomu zetu zilikuwa na safu ya herufi tatu tu, S (anasikia), I (katikati) na R (sugu), bila nafasi ya neno. Sasa tumeongeza mstari unaosomeka “Klindamaisini: R, kipimo cha D chanya”, na siku hiyo hiyo daktari hupigiwa simu, kwa sababu mtu akiona duara la milimita 25 na herufi R kando yake anaweza kudhani tumekosea kuandika.

Daktari naye ana la kuuliza: je, mgonjwa anatumia azithromaisini kwa kikohozi au erithromaisini kwa jambo jingine? Ikiwa anatumia, bakteria mwenye erm hahitaji hata kuharibu mkunjo wake. Dawa ya kikohozi inamwamsha, na klindamaisini inamkuta amejikinga.

Na kwa wenzangu wa maabara, bakteria wa sampuli ya kwanza ahifadhiwe kwenye friji mpaka mgonjwa apone. Tusingempata yule wa awali, tusingeweza kuonyesha kwamba D ilikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza cha klindamaisini kumezwa, na faili la mama lingebaki lilivyoandikwa.